Simu ipo nyumbani, mtoto hasomi: basi tupime nini?

“Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu, hapa Pemba. Tuko wanne, tunafanya utafiti wa kumalizia masomo kuhusu pengo la kidijitali na masomo ya mbali. Tulitengeneza dodoso kwa fomu ya Google, tukawaomba walimu wa skuli mbili walirushe kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kidato cha Tatu: skuli moja ya mjini Chake Chake, nyengine ya kijijini wilaya ya Micheweni. Wa mjini walijibu wengi. Wa kijijini hawakufika kumi. Katika waliojibu, karibu wote wanasema nyumbani kuna simu janja na intaneti. Msimamizi wetu ametwambia matokeo yanaonyesha pengo limekwisha, bora tubadilishe mada. Lakini mimi nimezaliwa kijiji kile kile. Mwaka 2020 skuli zilipofungwa sikusoma kitu mpaka tuliporudi, na simu nyumbani ilikuwepo. Tumekosea wapi? Na tukipendekeza Serikali igawe vishikwambi kwa wanafunzi, tutakuwa tumejibu tatizo?”

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nianze na jambo ulilolitaja mwishoni, kwa sababu lina uzito kuliko asilimia zenu zote: simu ilikuwepo nyumbani na wewe hukusoma. Msibadilishe mada. Mada ni nzuri na ni yenu. Kilichoharibika ni kipimo. Nitakueleza kimeharibikia wapi, kisha nini kinakaa katikati ya simu na somo, halafu tutakuja kwenye vishikwambi.

Dodoso lililotumwa kwa intaneti linamfikia mwenye intaneti tu. Ni sawa na kusimama bandarini Mkoani, ukawauliza wanaoshuka melini kama wamewahi kupanda meli. Wote watasema ndiyo, na hutajua lolote kuhusu waliobaki Unguja kwa kukosa nauli. Mtoto asiye na simu, mtoto ambaye bando lilikuwa limekwisha siku ile, mtoto anayetumia simu ya mama lakini namba ya mama haimo kwenye grupu la darasa, wote hao walitoka kwenye hesabu kabla hesabu haijaanza. Waliobaki ni wale ambao pengo halikuwagusa, na wamekwambieni kweli tupu: hawalioni. Msimamizi wenu naye amesoma jedwali aliloletewa. Kasoro imo ndani ya jedwali, kwa hivyo mrudieni kwa heshima na mumweleze waliojibu ni akina nani na walipatikanaje. Msimamizi mwenye nia njema atakusikilizeni.

Sasa wale wa Micheweni ambao hawakujibu. Najua utavutika kuandika kwamba kimya chao ni ushahidi kuwa hawana intaneti. Usiandike hivyo. Pengine hawana simu. Pengine mwalimu alirusha linki usiku, na kulipopambazuka imeshafunikwa na ujumbe mia nyengine. Pengine fomu ilikuwa kwa Kiingereza, mtoto akaifungua na kuifunga. Kimya hakisemi sababu, lakini kinakuonyesheni pa kwenda. Chukueni daftari la mahudhurio la darasa zima katika kila skuli, teueni majina kwa kura au kwa kuruka idadi maalumu, kisha muwafuate watoto hao kwa karatasi na kalamu, ana kwa ana. Asiyekuwepo siku mliyokwenda rudini kumtafuta, kwa sababu mtoto anayekosa skuli ndiye hasa anayeweza kuwa upande wa pili wa pengo. Majibu ya mwanzo msiyatupe. Yawekeni kwenye sura ya mbinu, muonyeshe njia moja ilileta jibu gani na njia ya pili ilileta jipi. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni matokeo kamili ya utafiti, na wachache wana ujasiri wa kuyaandika.

Kuna dhana kubwa nyuma ya haya yote, nayo si ya msimamizi wenu peke yake. Watu wengi wanaamini kuwa simu ikishaingia nyumbani na mnara ukishasimama kijijini, kazi imekwisha. Utafiti wa pengo hili nao ulianza hivyo hivyo. Mwaka 1995 Wizara ya Biashara ya Marekani ilitoa ripoti iliyohesabu nani ana simu ya nyumbani, nani ana kompyuta na modemu. Mwaka 2002 mtafiti Eszter Hargittai akachapisha kazi ambayo ndani yake aliwakalisha watu mbele ya kompyuta zenye intaneti, akawapa vitu vya kutafuta, akakuta wanapishana sana kwa uwezo ingawa kifaa ni kimoja. Waliofuata wakaongeza swali la tatu: katika wanaotumia, nani amepata faida katika masomo yake, kazi yake, afya yake? Dodoso lenu limeishia kwenye swali la 1995.

Hesabu za dunia zinakuonyesha uzito wa jambo hili. Kwa takwimu za GSMA, jumuiya ya makampuni ya simu duniani, hadi kufikia mwisho wa 2023 watu wapatao milioni 350 walikuwa wakiishi mahali ambapo intaneti ya simu haifiki. Waliokuwa wakiishi mahali inapofika lakini hawaitumii walikuwa bilioni 3.1. Na UNICEF, ilipokadiria Agosti 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kupata masomo ya mbali ya aina yoyote, iwe kwa redio, televisheni au intaneti, ilitahadharisha papo hapo kuwa hali halisi huenda ni mbaya zaidi, kwa sababu hata mtoto ambaye kwao kuna kifaa anaweza kushindwa kusoma kwa kazi za nyumbani, kwa kulazimishwa kutafuta riziki, au kwa kukosa wa kumsaidia. Wewe ni mmoja wa watoto hao ambao takwimu haikuwahesabu.

Basi tuingie nyumbani, tuone simu inakwama wapi.

Kwanza, simu ni ya nani na inalala wapi. Swali la “nyumbani kuna simu janja?” hujibiwa ndiyo na mtoto ambaye simu hiyo anaiona mara mbili kwa wiki. Pale Tumbe, baba akienda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, simu inakwenda dago pamoja naye. Msimu wa karafuu, simu inashinda shamba. Mama mwenye biashara ndogo anaitumia kupokea pesa za wateja, hawezi kuiacha. Inarudi nyumbani usiku, baada ya Isha, ikiwa na asilimia kumi ya chaji, na kuna watoto wanne wa madarasa manne wanaoingoja. Kaka mkubwa ndiye anayeanza. Msichana, akishamaliza vyombo, kutia maji na kumlaza mdogo wake, kilichobaki ni usingizi. Kuna nyumba pia ambazo msichana hapewi simu kabisa kwa kuhofiwa atakaozungumza nao. Khofu hiyo mzazi hakuizua tu, ina sababu zake, nanyi mkienda kumuuliza muichukulie kwa uzito na msimwone mshamba.

Pili, umeme. Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010; kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Yalikuwa maendeleo makubwa na walioishi kabla yake wanajua. Lakini nguzo kufika mtaani hakumaanishi kila nyumba imeungwa, na nyumba iliyoungwa si lazima leo iwe na yuniti kwenye Tukuza, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mwanafunzi ambaye simu inachajiwa dukani kwa malipo hawezi kukaa nayo saa mbili akitazama somo.

Tatu, mawimbi. Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, na miti imefunga. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na kupenya vizuri. Ya masafa ya juu hubeba data nyingi zaidi lakini kilima na ukuta huyazuia upesi. Ndiyo maana simu inaweza kukuonyesha vistari viwili barazani, ukaingia chumba cha ukuta wa mawe vikapotea, na ndiyo maana sauti inapita mahali ambapo video haipiti. Aidha mnara ni wa kushirikiana. Saa ambayo simu imerudi nyumbani kwenu ndiyo saa iliyorudi nyumba zote, na kila mmoja anapata kipande chake kidogo.

Nne, bando, na hapa nataka mkae sana kwa sababu ndipo mipango mingi ya masomo ya mbali inapovunjika na waliopanga hawajui. Darasa la video la watu wengi la saa moja, kwa Zoom au mfano wake, linaweza kula MB 500 mpaka GB 1. Vipindi viwili kwa siku, siku tano kwa wiki, hesabu mwenyewe. Sauti ya mwalimu ya dakika 10 iliyorekodiwa WhatsApp haifiki MB 3. Picha ya ukurasa wa daftari ni KB mia moja au mia mbili. Yaani mwalimu akichagua video, amechagua pia ni watoto gani watakaomsikia, hata kama hakukusudia. Tume ya Broadband (intaneti ya kasi) ya Umoja wa Mataifa imeweka kigezo kuwa bei ya bando la kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi, lakini pato hilo ni la wastani wa nchi nzima, na wastani unamficha maskini. Nyumba inayoingiza shilingi 150,000 kwa mwezi, asilimia 2 yake ni shilingi 3,000. Muulizeni mzazi anatumia kiasi gani kwa bando, anapata kiasi gani, mgawe. Jedwali hilo moja litawaeleza wasomaji wenu zaidi ya kurasa kumi za maelezo.

Tano, kujua. Husikika kila siku kwamba vijana wa sasa wanaijua simu kuliko sisi. Wanaijua simu ya kuangalia na kuchekea, sikatai. Lakini kijana anayepandisha video TikTok bila shida anaweza kushindwa kufungua faili la PDF, kulihifadhi asilipe tena bando kulifungua kesho, kupiga picha ya kazi yake ikasomeka, au kutambua kuwa jibu alilolipata mtandaoni si sahihi. Skuli nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na sababu zake tunazijua. Matokeo yake ni kwamba hakuna anayemfundisha kuitumia kusomea. Ongeza lugha. Ukiacha Kiswahili, sehemu kubwa ya masomo ya sekondari yaliyomo mtandaoni ni ya Kiingereza, na mtoto aliyekuwa akimtegemea mwalimu amfafanulie kwa Kiswahili sasa yuko peke yake na skrini.

Tuchukue mfano wa wanafunzi 100, tarakimu nazitunga ili uone mwendo wake tu. Tuseme 80 kwao kuna simu janja. Kati ya hao, 40 simu iko nyumbani saa wanazoweza kusoma. Kati ya 40, wenye bando la kutosha wiki hiyo ni 20. Kati ya 20, wanaojua kulifungua somo, kulielewa na kurudisha kazi ni 10. Dodoso lenu limeandika 80. Mwalimu amepata daftari 10. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo pengo lenyewe. Angalia pia jambo moja la kitaalamu: huwezi kuziuliza hatua hizi kwa watoto tofauti kisha ukazidisha asilimia, kwa sababu shida huandamana. Asiye na bando mara nyingi ndiye huyo huyo ambaye simu haimkai. Kwa hivyo mtoto mmoja aulizwe mlolongo wote, mwanzo mpaka mwisho, na muandike alikwama hatua ipi.

Maswali yenyewe yawe ya jambo lililotokea, si ya kawaida yake. Badala ya “huwa unatumia intaneti kusoma?” muulize: jana, kuanzia ulipotoka skuli mpaka ulipolala, ulifanya nini? Mwende naye saa kwa saa. Alirudi saa ngapi, alikwenda chuoni kusoma Qur-ani saa ngapi, alipika nani, simu ilikuja mkononi mwake wakati gani, kwa dakika ngapi, alifungua nini. Kisha: simu hiyo ni ya nani? Bando la mwisho alitia nani, lini, likaisha lini? Mara ya mwisho ulipokwama katika somo ulimuuliza nani? Na mumpe kazi ndogo ya mkono: mpeni simu yenu, afungue faili la kurasa mbili, atafute jibu la swali moja, apige picha ya jibu aliloliandika na kuituma. Mwangalieni anakwama wapi bila kumsahihisha. Watoto watano katika zoezi hilo watakufundisheni mambo ambayo maswali hamsini ya kutia tiki hayawezi.

Msiwalinganishe wa mjini na wa kijijini tu. Najua ndivyo mlivyopanga na ni mwanzo mzuri, lakini mtaani Chake kuna nyumba za kupanga chumba kimoja ambazo hali zao hazitofautiani na za Micheweni, na Micheweni kuna mtoto wa mfanyabiashara ambaye kwao kuna intaneti kuliko kwa mhadhiri wenu. Pemba ina watu zaidi ya laki tano kwa Sensa ya 2022. Hawawezi wote kuingia kwenye visanduku viwili. Tizameni pia ndani ya nyumba moja, dada na kaka. Nina hakika kubwa kwamba huko ndiko mtakakokuta jambo ambalo msimamizi wenu hajalisoma mahali.

Na mkikuta wenye simu wana alama nzuri zaidi, msikimbilie kuandika kuwa simu imewapa alama. Mzazi aliyesoma ndiye anayeweza kununua simu, na ndiye huyo huyo anayeweza kukaa na mtoto kumfafanulia hesabu. Andikeni kwamba mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, muishie hapo.

Sasa vishikwambi. Jibu langu la wazi ni kwamba kama mtapendekeza vishikwambi peke yake, hapana, hamtakuwa mmelijibu tatizo. Peru iligawa kompyuta ndogo za watoto zaidi ya laki nane. Watafiti walipozilinganisha skuli za vijijini zilizopata na ambazo hazikupata, baada ya takriban miezi 15, alama za hesabu na lugha zilikuwa sawa. Watoto walijifunza kuitumia kompyuta, hilo lilionekana, lakini hawakujifunza zaidi masomo. Kifaa kilifika, kilichokizunguka hakikubadilika. Hapa kwetu, baadhi ya vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikabidhiwa walimu baadaye. Kabla hamjapendekeza vyengine, waulizeni walimu wa skuli zenu mbili kama wanavyo na wanavifanyia nini, vinachajiwa wapi na bando analipa nani. Simaanishi vifaa havina maana. Mtoto asiye na kifaa kabisa hata hatua ya kwanza hakuanza. Ninachosema ni kuwa kifaa ni hatua moja kati ya tano, na ndiyo inayopendeza zaidi kwenye picha.

Upo ushahidi wa njia nyengine, na baadhi yake ni wa simu hizi hizi za vitochi. Botswana, skuli zilipofungwa 2020, watafiti walizichukua familia zipatazo 4,500 za watoto wa darasa la tatu mpaka la tano. Baadhi walipelekewa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Wengine walipelekewa ujumbe huo na kupigiwa simu ya dakika kama 20 kwa wiki, mtoto na mzazi wakiwa pamoja, wakapitishwa hesabu moja moja. Waliopigiwa simu walipanda wazi. Ujumbe peke yake haukuleta faida ya kutegemewa. Lakini nikupe na upande wa pili, kwa sababu utafiti si kuchagua mfano unaokupendeza: Sierra Leone nako walimu waliwapigia wanafunzi wakati ule ule, watoto wakashughulika zaidi na masomo, alama zisipande. Kwa hivyo kupiga simu si dawa ya hakika. Mimi naisoma tofauti hiyo kuwa inategemea nini kinasemwa katika simu, mara ngapi, na kama mtoto anafundishwa pale alipokwama yeye, na hilo ndilo ambalo wanafunzi wa ualimu kama nyinyi mnaweza kulijaribu kwa gharama ndogo.

Kisha kuna redio, na hapa Zanzibar hatuna haja ya kuazima mfano wa mbali. Kuanzia mwaka 2006 watoto wetu wadogo walisomeshwa kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze. Redio iliuliza, ikanyamaza ili watoto wajibu, ikawaimbisha na kuwahesabisha kwa mikono na miguu, na pembeni yao alikuwepo mlezi wa kijijini aliyewaongoza. Vituo vya vipindi hivyo, vilivyoitwa TuTu kwa kifupi, vilifika mahali ambapo skuli ilikuwa mbali. Kilichofanya kazi pale ni vitu viwili pamoja: sauti inayofika mbali bila bando, na mtu mzima aliyekaa na watoto. Leo Pemba ina redio za jamii Micheweni na Mkoani. Kipindi cha dakika 30 cha hesabu za Kidato cha Tatu, saa ambayo watoto wametoka chuoni, pamoja na karatasi ya mazoezi iliyochapishwa na kuachwa skuli, kitamfikia mtoto wa Micheweni ambaye fomu yenu haikumfikia. Ubaya wake ni kwamba redio haimjibu mtoto swali lake, hairudishi kipindi nyuma, na kwa masomo ya sekondari yenye michoro na kanuni ni nzito kufuatilia kwa kusikia tu. Lazima karatasi iwepo, na lazima awepo wa kuulizwa.

Kama ningeulizwa mimi, ningependekeza masomo ya mbali yapangwe kuanzia kwa mtoto mwenye kidogo kabisa: karatasi na redio kwanza, sauti za WhatsApp na picha za daftari zifuate, video iwe ziada kwa wanaoiweza, tena iwekwe kwenye kadi ya memori au kompyuta ya skuli mtoto ainakili bure. Vifaa vikipatikana, vikae skuli au kwenye nyumba ya jamii yenye umeme na mtu wa kuvisimamia, na ziwepo saa za wasichana zinazoendana na kazi zao za nyumbani. Lakini hayo ni maoni yangu. Nyinyi ndio mnaokwenda kuwauliza wenyewe, na majibu yao yakinipinga andikeni yao.

Yapo mambo ambayo msiyamalize kwa kusoma jibu langu. Mtafuteni mkufunzi wa takwimu chuoni mkae naye kabla hamjarudi uwanjani, aangalie idadi ya sampuli na namna mtakavyoichambua. Mkimwendea baada ya kukusanya, mtakuwa mmechelewa. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Pemba inaweza kukusaidieni kwa takwimu za shehia. Hakikisheni mna barua ya utambulisho ya chuo, kibali cha utafiti, na kwamba wilaya, mwalimu mkuu na sheha wana habari. Watoto wa Kidato cha Tatu wengi hawajafika miaka 18, kwa hivyo pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi na ya mtoto mwenyewe, naye ajue anaweza kukataa asipoteze kitu. Msiwaulize darasani kwa kunyanyua mikono. Mtoto wa miaka 15 hatasema mbele ya wenzake kuwa kwao hakuna simu. Atanyanyua mkono, na mtakuwa mmekusanya aibu yake mkaiita data.

Zito kuliko yote: mtakapouliza bando anakutilia nani, mnaweza kukutana na msichana anayetiliwa na mtu mzima anayetaka kitu kutoka kwake. Mkisikia hivyo, au hata dalili yake, mahojiano yamekwisha. Msimhoji zaidi, msimuahidi siri, msiende kumkabili mtu huyo wenyewe. Mjulisheni msimamizi wenu siku ile ile na mumpeleke mtoto kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowasaidia waliodhalilishwa, au mpige 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Kubalianeni nyote wanne juu ya hili kabla ya kwenda, mjue nani atafanya nini.

Dodoso jipya likiwa tayari, lijaribuni kwanza kwa watoto watano wasiomo kwenye sampuli, wa Micheweni. Swali ambalo wawili kati yao watauliza “maana yake nini?” liandikeni upya. Kisha niletee nilipitie kabla hamjatoa kopi.